Jani Juu ya Bomba

Ndoo ya Matan ilikuwa imefika nusu mumewe alipotokea kwenye njia ya juu na majani mawili marefu ya namele, mfano wa makuti, begani. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walitazamana. Kwetu kisiwani Pentekoste mtu hakati jani la namele kwa kupenda. Likisimamishwa mahali, mahali hapo pamefungwa, awe mkubwa au mdogo hagusi, na huyu mumewe, Watas, siku ile hakuwa na msiba wala sherehe.

"Ondokeni hapo," alisema.

"Tuondoke twende wapi?" Roslin alimwuliza. Huyu Roslin ni mke wa Temakon, mwenyekiti wa kamati ya maji, na mdomo wake haujui likizo. "Tangu alfajiri tumepanga foleni kwa maji yanayotoka kama mkojo wa mtoto, halafu unakuja kutufukuza? Umeamkia upande gani leo, shemeji?"

Watas alichimba kwa panga chini ya tangi la saruji, akasimamisha jani la kwanza, akalipandisha la pili juu yake, yakapishana mbele ya bomba. Kisha akasema kwa sauti ya kufika mpaka nyumba ya mwisho kwamba maji yale yanatoka kwenye ardhi ya mama yake, na kuanzia siku ile hakuna mkono utakaoyagusa wala mguu utakaopita kwenda kwenye chemchemi, mpaka aliyemtukana mbele ya wanaume amwombe radhi mbele ya wanaume.

Matan alikuwa bado ameinama, hajui afunge bomba au aache.

"Na hiyo mwaga," mumewe alimwambia.

"Haya nimeshayachota, baba Linet. Ni ya kumwoshea mama."

"Nimesema mwaga."

Akamwaga. Maji yakaingia kwenye tope mbele ya miguu ya wenzake, na hakuna aliyesogeza mguu. Roslin akapiga makofi taratibu. "Hongera, mke wa bwana maji," alisema, akajitwika ndoo yake tupu, na wengine wakamfuata.

Mimi simtetei Watas. Alilofanya lilikuwa la kipumbavu, na alilifanya mchana kweupe mbele ya mashahidi, ambapo ndipo upumbavu unapokuwa mgumu kurudishwa. Lakini anayetaka kumlaumu ajue kwanza alivyotendwa jioni ya jana yake.

Maji yetu yalikuwa yakipungua tangu mvua zilipokoma. Mapipa ya wenye mapaa ya bati yalikuwa yakigongwa yanalia, na bomba ambalo zamani lilijaza ndoo kabla hujamaliza kusalimiana na jirani, sasa unaweza kusuka mkeka ukilingoja. Jioni hiyo wanaume walikuwa kwenye nakamal, nyumba yao ya mikutano, wanasaga mizizi ya kava kwa ajili ya kinywaji, na Temakon akasimama kuongea. "Tusizunguke," alisema. "Maji yetu yamo kwenye magunia ya Watas. Nani alikata miti juu ya chemchemi akapanda kava? Mimi?"

Hapo hakusema uongo. Bei ya kava ilipopanda, wanunuzi wakawa wanakuja na meli wanagombania magunia, na kijiji kizima kiliingia msituni na mapanga. Hata mchungaji alilima. Watas akachukua mteremko ulio juu ya chemchemi kwa sababu ndio uliokuwa wake, na udongo wa msitu uliofyekwa karibuni kava inaupenda kuliko wote. Kila mtu alilijua hilo shamba. Waliokuja kumsaidia kufyeka, wakala nguruwe wake siku hiyo, walikuwa ni hao hao waliokuwa wamekaa wanatikisa vichwa.

Lakini Temakon hakuishia kwenye maneno. Ndiye aliyekuwa akigawa vifuu vya kava siku hiyo. Akampa huyu, akampa yule, akamruka Watas. Akawapa mpaka vijana walioanza kunywa juzi. Walipomaliza wote, akasuuza kifuu, akakijaza yale maji ya kusuuzia, akampelekea Watas kwa mikono miwili, kwa adabu zote. "Wewe kunywa maji, kaka. Si ndiyo unayoyapenda?"

Nakamal nzima ikacheka. Chifu Tabisal hakuwapo, alikwenda kwenye mazishi ng'ambo. Watas aliweka kifuu chini, akatoka.

*

"Matan! Maji yangu yako wapi?"

Aliyeita ni Mabon, mama yake Watas. Tangu alipoanguka akavunjika nyonga, bibi huyu alikuwa wa kulala tu, na mgongo wake ulikuwa umeanza vidonda. Nesi wa zahanati alimwambia Matan amwoshe asubuhi na jioni, amgeuze, asimwache na jasho. Matan alikuwa akifanya hivyo bila kunung'unika, na yeye Mabon alikuwa akinung'unika kwa niaba ya wote wawili.

"Muulize mwanao, mama," Matan alisema.

Watas alikuwa amekaa mlangoni anamenya kiazi kikuu ambacho hakuna aliyemwagiza amenye. Akaeleza. Alieleza kwa kirefu, akataja kifuu, akataja kicheko, akataja na jina la kila aliyecheka. Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umefunga maji kwa ardhi ya nani?"

"Yako, mama."

"Aa, yangu. Na mimi nilikutuma lini?"

"Mama, walinidharau."

"Walikudharau wewe, ukaja kunikausha mimi. Kwani ni mimi niliyekupa maji ya kusuuzia kifuu?"

"Itakuwa siku chache tu. Temakon atakuja mwenyewe. Mkewe hawezi kuteremka mtoni kila siku, atamlazimisha."

"Na mkeo anaweza?" Mabon aliuliza.

Watas alitazama kiazi chake. Matan alikuwa ameshachukua dumu na ndoo, anashuka.

Mto uko chini kabisa, na njia yake ni ya kushikilia mizizi. Kushuka si kazi. Kazi ni kupanda na ndoo kichwani huku mkono mmoja unatafuta pa kushika. Tangu bomba lije, njia hiyo ilikuwa ya watoto wanaokwenda kuogelea na wanaume wanaotafuta kamba wa mtoni. Sasa wanawake wa kijiji kizima walikuwa huko, miguu inatetemeka, na wote walijua ni kwa sababu ya nani.

Matan alipofika, walikuwa wamejipanga kwenye kijito safi kinachoingia juu ya mto. Hakuna aliyemsogezea nafasi. Alisimama nyuma. Mmoja aliyechelewa kuliko yeye alifika, wakampisha akapita mbele. Akaja mwingine, naye akapita.

"Jamani, na mimi nina mgonjwa," Matan alisema.

"Wewe huku umefuata nini?" Roslin aliuliza bila kugeuka. "Kwenu si ndiko kwenye maji? Nenda kamwombe mumeo akuchotee."

"Roslin, mimi sikupanda lile jani."

"Na kava pia hukupanda? Maana mimi nilikuona kwa macho yangu unachimba mashimo, umejifunga kitambaa kiunoni, unaimba."

Hilo lilimchoma Matan kwa sababu lilikuwa kweli. Nusu ya shamba lile lilikuwa la mikono yake. Karo ya Linet, mtoto wao, kule mjini ilitoka kwenye shamba la zamani, na hili jipya ndilo lililokuwa limalizie miaka iliyobaki. Akateremka chini ya wenzake, pale maji yanapopita baada ya kufulia nguo, akachota hayo hayo. Njiani kurudi aliteleza, ndoo ikaanguka, akabaki na dumu. Alilia kidogo, akajifuta, akaendelea kupanda. Mabon alioshwa kwa kikombe siku ile.

*

Temakon hakuja, siku ya kwanza wala wiki ya kwanza. Alikuwa akiwaambia watu, "Nimwombe mtu radhi kwa kusema ukweli? Akae na jani lake." Naye Watas alikuwa akisema, "Asipokuja, wajukuu zake watachota mtoni." Wanaume wawili wazima, kila mmoja amekaa kwake anangoja mwenzake achoke, na hakuna kati yao aliyekuwa amebeba hata kikombe. Hasira zinanipanda mpaka leo nikikumbuka.

Zahanati ilikuwa ikipata maji ya bomba hilo hilo. Nesi akawa anawaambia wagonjwa waje na chupa zao. Shule ikawarudisha watoto mchana. Watoto walianza kuharisha, kwanza wa nyumba za chini, halafu na wa juu.

Chifu Tabisal aliporudi kutoka ng'ambo, wa kwanza kufika uani kwake alikuwa Matan. Mwanamke haendi kwa Chifu peke yake kuongea mambo ya mumewe, si desturi, na Chifu alipomwona alimwita mkewe atoke aje akae karibu ili pasiwe na maneno.

"Baba, nimekuja kuuliza," Matan alisema. Alikaa chini, akainamisha kichwa. "Lile jani linatolewaje?"

"Mumeo anajua."

"Anajua, lakini hasemi. Naomba niambie wewe."

Chifu alikuna kidevu. "Mimi naweza kulitoa sasa hivi, niko juu yake kwa cheo. Lakini nikilitoa mimi, nimemvua nguo mbele ya watu. Hatakaa tena kwenye nakamal, wala watoto wake. Watahama. Nimeona nyumba ikihama kwa jambo kama hili. Alitoe aliyelipanda. Na namele ni jani la amani, binti yangu, si la kukomolea watu. Amelitumia vibaya, kwa hiyo si la kutolewa kwa kuku. Atalitoa kwa nguruwe ambaye jino lake limezunguka."

Matan aliinua kichwa. "Ndiye mmoja tu."

"Najua ni mmoja. Nilimwona akiwa mdogo."

Nguruwe huyo Watas alimng'oa meno ya juu ili ya chini yapate nafasi ya kukua na kupinda, na sasa jino lilikuwa limezunguka, ncha yake inakaribia kurudi taya lilikotokea. Kwa nguruwe huyo Watas alikuwa apande cheo mwaka unaofuata, apewe jina jipya, akae karibu na moto wa wakubwa. Lakini nguruwe asiye na meno ya juu hatafuni vizuri, na aliyempikia magimbi na kumpondea kwa mkono miaka yote hiyo hakuwa Watas.

Matan alipomfikishia maneno ya Chifu, Watas alisimama akatoka nje, akarudi, akatoka tena.

"Hapana," alisema. "Huyo hapana. Niombe kitu kingine."

"Sikuombi mimi. Mama ana vidonda."

"Huyo nguruwe ni maisha yangu, Matan! Unajua wewe ni nini kukaa nyuma, karibu na mlango, na wale niliowazidi umri wako mbele? Unajua?"

"Najua ni nini kuchota maji chini ya wanaofua," Matan alisema. "Najua hilo tu."

Kitandani kwake Mabon alikuwa anasikia yote. Nyumba zetu ni za mianzi, hakuna siri. Jioni hiyo Matan alipoingia na beseni, bibi alimshika mkono.

"Weka chini. Sitaki."

"Mama, usifanye hivyo. Harufu itakuwa mbaya."

"Iwe. Ikimsumbua mtu atajua imetoka wapi. Kuanzia leo wewe hunioshi. Nitaoshwa kwa maji aliyoyabeba Watas mwenyewe, kutoka mtoni, kichwani. Asipotaka, nitaoza hapa hapa, na mazishini mtamwambia Temakon mimi nimekufa kwa kifuu cha kava."

Matan alimsihi, akamletea supu ya kabichi, akamwimbia na nyimbo za kanisani. Bibi akageukia ukuta. Siku iliyofuata hivyo hivyo. Siku iliyofuata hiyo, homa ikaingia, na harufu ikatoka chumbani ikafika mlangoni alipokuwa amekaa Watas. Watoto wa jirani walipita wakaziba pua, na mama yao akawafinya waache.

Watas alichukua ndoo.

Alikwenda mchana, saa ambayo wanawake wote wako mtoni. Nadhani alitaka kwenda jioni akajizuia, maana mama yake angeuliza kwa nini amejificha. Alipotokeza kwenye miamba, wote waligeuka. Mwanaume mzima, tena aliye karibu kupanda cheo, na ndoo ya plastiki nyekundu mkononi. Msichana mmoja alicheka, akazibwa mdomo na dada yake. Watas akaenda moja kwa moja kule chini, pale ambapo mkewe alikuwa akichota, kwa kuwa hakuna aliyempisha penginepo. Akachovya ndoo. Akaona povu la sabuni likiingia, na uzi wa nguo, na kinyesi cha kuku. Akamwaga, akachovya tena. Yakaja yale yale.

"Ndiyo hayo hayo, shemeji," Roslin alisema, na kwa mara ya kwanza hakusema kwa kejeli. "Utachovya mpaka kesho, ni hayo hayo."

Alipanda nayo. Alimwaga nusu kwenye ule mwinuko wa mizizi, na yaliyobaki akayafikisha. Mabon alinusa beseni.

"Haya ndiyo nimekuwa nikioshwa nayo?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Nioshe."

Alimwosha mwenyewe. Mwanaume kumwosha mama yake kwetu ni jambo zito, na Matan alitoka nje ili lisiwe na mtazamaji. Aliposikia mumewe analia huko ndani, alikwenda bandani, akakaa na nguruwe, akimkuna nyuma ya masikio, kwa sababu alijua sasa kwamba huyo anakwenda.

*

Siku ya kulitoa jani, kijiji kizima kilikuja kwenye tangi, na kila mtu alikuja na chombo. Ndoo, madumu, masufuria, mabeseni ya kuogeshea watoto, mpaka pipa la kanisa lilisukumwa likiviringishwa. Hesabu ya kila mtu ilikuwa moja, kwamba bomba limefungwa muda wote huo, tangi litakuwa limejaa mpaka juu. Kama kuna aliyejiuliza mbona halimwagiki, hakusema.

Watas alimvuta nguruwe kwa kamba mpaka mbele ya Chifu. Alisema maneno machache. Alisema alitukanwa, na alikasirika, na alifunga kitu ambacho si cha kufungwa. Sauti yake ilikuwa kavu. Kisha akainua rungu akampiga nguruwe, na kwa bahati nzuri alimpiga mara moja tu. Matan alikuwa ameangalia pembeni.

Temakon naye akatoka. Alikuwa na mkeka mwekundu, wa thamani, umekunjwa begani. Akauweka mikononi mwa Watas. "Kile kifuu," alisema, akakohoa. "Kile kifuu hakikuwa kizuri, kaka."

"Hakikuwa," Watas alisema.

Wakashikana mikono. Watu wakashusha pumzi, wazee wakaanza kutabasamu, na mama mmoja akapiga kigelegele. Watas akang'oa majani yote mawili. Akamgeukia mkewe. "Fungua wewe," alimwambia, na nadhani alitaka kumrudishia ile ndoo ya siku ile.

Matan aliweka ndoo yake, akafungua.

Maji yalitoka kwa nguvu. Watoto wakashangilia. Ndoo ikajaa, akaweka nyingine, ikajaa. Ya tatu ilipofika nusu, bomba likakohoa, likatema kutu, likapuliza upepo. Kisha likanyamaza.

"Limeziba," Temakon alisema. "Ni majani tu yameingia kwenye bomba la juu. Twendeni."

Wanaume wakaanza kupanda kwenda kwenye chemchemi, na wanawake safari hii hawakungoja chini. Tangu jani lisimamishwe hakuna mguu uliopita njia ile. Matan alikuwa karibu na mbele. Walipofika pale maji yanapotokea kwenye mwamba, pale ambapo tulipokuwa watoto tulikuwa tukilaza midomo tunakunywa, palikuwa na tope lenye nyufa. Kaa mmoja mdogo alikuwa amekufa juu yake.

Kisha mtu akatazama juu, na wote wakatazama.

Shamba la Watas lilikuwa pale pale tulipolijua. Lakini juu yake, mpaka kwenye ukingo wa mlima, ambako palikuwa na msitu, sasa palikuwa peusi. Miti ilikuwa imelala, mingine bado inatoa moshi kwenye mashina, na kati ya majivu miche ya kava ilikuwa imeshachomekwa kwa mistari. Upande wa kulia palikuwa na shamba lingine, na mbele ya hilo, jingine.

"Hili ni la nani?" Chifu aliuliza.

Temakon alisogea nyuma ya wenzake.

"Nauliza ni la nani? Walipita wapi?"

"Njia ya kilele," mtu alisema nyuma. Kwa njia ya kilele mtu hapiti kwenye tangi. Hakuna jani lililomzuia.

"Ni la Kalo," Temakon alisema hatimaye. Kalo ni mwanawe mkubwa. "Ni miche tu, Chifu. Alisema meli inayokuja inachukua hata kava changa. Nilimwambia asubiri. Na hilo la pili si letu, hilo la mpwa wako."

Chifu akafumba mdomo. Mwingine akasema la kule mbele ni la mkwewe, lakini dogo. Mwingine akasema mbona la mchungaji hamlisemi. Kufumba na kufumbua, wanaume walikuwa wanapigiana kelele pale kwenye tope, kila mmoja anamwonyesha mwenzake kidole, na Watas, mkeka mwekundu ukiwa bado begani, anapiga kelele kuliko wote. "Mimi mlinisuuzia kifuu! Mimi! Na nyinyi mko huku juu mnachoma!"

"Na lako je? Limo mawinguni?" mmoja wao alimrudishia.

"Tuitishe mkutano," Temakon alikuwa akisema. "Tuandike serikalini, watuletee bomba kutoka mto wa kule ng'ambo. Tuitishe mkutano jioni, tukinywa kava tutaelewana."

Roslin alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya. "Mtakunywa kava," alisema. "Mtaisaga kwa maji gani?"

Wakati wanabishana, Matan alikuwa ameingia kwenye shamba lao. Alichagua shina la kwanza la pembeni, lile aliloanza nalo siku ya kupanda, akalishika kwa mikono miwili akalitikisa. Mizizi ya kava imejishika. Alipiga magoti, akachimba kwa vidole, akatikisa tena, likatoka. Lilikuwa bado changa, mizizi myembamba, mwaka mmoja zaidi ndipo lingefaa. Akalitupa chini. Akaenda la pili.

"Matan!" Watas alimwona. "Unafanya nini? Matan! Hiyo ni karo ya Linet!"

"Najua ni ya nani."

"Acha! Nimeshatoa nguruwe! Nimetoa kila kitu! Mnataka nini tena kwangu?"

Matan alisimama, udongo umemjaa mpaka viwikoni. Alikuwa anahema. "Nguruwe ulimtoa kwa ajili ya maneno, baba Linet. Maneno yenu yamekwisha, mmeshikana mikono. Maji hayajui kama mmeshikana mikono."

Akainama tena.

Watas alimtazama, akatazama wanaume. Alikuwa anatafuta wa kumwunga mkono. Kila aliyemtazama alitazama pembeni. Akautoa mkeka begani, akauangalia kama asiyejua aliupata wapi, akageuka akateremka peke yake kwenda nyumbani.

Roslin alimwendea mumewe. "Nipe panga."

"La nini?"

"Nipe, Temakon."

"Lile shamba si lako. Ni la mwanao, amehangaika nalo."

"Mwanangu nitamwambia mimi mwenyewe. Si unanijua mdomo?"

Hakumpa. Alipanda bila panga. Akalipita shamba la Matan, akaingia kwenye majivu, na miche ya Kalo, kwa kuwa ilikuwa bado haijashika, ilikuwa inatoka kwa mkono mmoja. Wanawake wengine walitazamana. Mmoja akaweka ndoo yake chini. Kila mmoja alikuwa anajua shamba la nyumba yake liko wapi, na ndiko alikokwenda.

*

Watas alikuta mama yake yuko macho. Alikaa chini kando ya kitanda, mgongo ukutani.

"Jani limetoka?" Mabon aliuliza.

"Limetoka."

"Na maji?"

"Hakuna maji, mama. Chemchemi imekauka. Wamefyeka mpaka juu. Wote." Akaeleza, na safari hii hakutaja jina la mtu. Alisema labda msitu ukiachwa, maji yatarudi, alisikia mahali pengine yalirudi, lakini si mwaka huu, wala si mwaka kesho. Alisema nguruwe amekwenda. Alisema na kava inang'olewa, yote, na hajui Linet atasomaje.

Nje hapakuwa na sauti ya mtu, kijiji kizima kilikuwa bado mlimani.

"Anayeing'oa ni nani?"

"Matan."

"Peke yake?"

"Pale kwetu, peke yake. Wengine wako kwenye yao."

"Lile shamba lote?"

"Ameanzia pembeni. Anatumia mikono."

Mabon alijivuta kwa taabu mpaka akaweza kumwona mwanawe usoni.

"Na wewe umekaa hapa kwangu unafanya nini?"